Umehamia Dodoma? Lala Hapa Jumamosi

Mwezi wa kwanza Dodoma hupita bila mtu kuusikia. Kuna chumba cha kutafuta, godoro la kununua, njia ya kwenda kazini ya kuizoea. Mwezi wa pili ndio mgumu. Umepika, umekula, umeongea na wa nyumbani kwa simu, umefua hata soksi, na bado ni saa mbili usiku. Marafiki wa Dar wakipiga wanakuuliza kama hujalazwa hospitali ya akili ya Mirembe. Unacheka, ila utani wenyewe umeanza kukuchoma.

Mwongozo huu ni wako: mtumishi aliyeletwa na barua ya uhamisho, mwenzi aliyemfuata mtumishi huyo, kijana aliyemaliza UDOM akaamua kubaki, fundi aliyefuata ujenzi wa Mji wa Serikali kule Mtumba. Mko wengi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Ile ya 2022 ikakuta 765,179 katika jiji. Wamo waliozaliwa hapahapa, lakini simama Ilazo, Iyumbu au Kisasa uulize nani mzaliwa, uone mikono mingapi itanyooshwa. Hiyo ni nafuu kwako. Katika miji ya zamani mgeni hukuta kila kiti kina mwenyewe: mweka hazina wa kikundi ni yuleyule wa miaka yote, na nafasi ya mbele kwenye kwaya ina ukoo wake. Hapa viti vingi bado ni vitupu.

Ushauri wangu wote unaegemea jambo moja, na nalisema mapema ili mwenye haraka aishie hapa. Dodoma hupati watu kwa ucheshi. Unawapata kwa kuwapo siku wanapokuhitaji, na kwa kukubali kupewa zamu.

Ugonjwa wa Ijumaa jioni

TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Kwa zaidi ya miaka arobaini uamuzi huo ulikaa kwenye karatasi zaidi kuliko mitaani, na mji ukawa wa kufufuka wakati wa Bunge na kulala Bunge likiahirishwa. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba safari hii ni kweli. Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Majaliwa akahamia, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Watumishi wakaja. Wengi walikuja peke yao, familia zikabaki Dar kwa sababu za maana kabisa: shule ya watoto, kazi ya mwenzi, nyumba iliyokwisha kujengwa Kimara au Mbagala.

Ndipo ikazaliwa desturi ya kuishi Dodoma kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imeirahisisha zaidi: safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima kwenye basi sasa haifiki saa nne. Ni jambo jema kwa ndoa, wala simshauri mtu aache watoto wake. Ila ujue gharama yake. Mambo yote yanayowafanya watu wa mtaa wajuane hufanyika Jumamosi na Jumapili: kikao cha kikundi, harusi, kuanua matanga, jumuiya, mkutano wa mtaa, usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nyama choma ya mnadani. Anayepanda treni Ijumaa jioni na kurudi Jumatatu alfajiri hukutana na jirani zake getini tu, kila mmoja akiwahi. Anaweza kukaa hivyo miaka mitano, akaondoka bila kujua jina la mama anayeuza maandazi mbele ya nyumba yake.

Hatuko peke yetu katika hili. Brazil ilipohamishia makao makuu yake Brasília mwaka 1960, kwa muda mrefu wakubwa waliendelea kurudi Rio de Janeiro kila walipopata nafasi. Mji mpya huchelewa kupata wenyewe.

Kwa hiyo panga na nyumbani: wikendi mbili kwa mwezi unakwenda, mbili unabaki, na mara mojamoja wao ndio wapande treni waje. Hizo mbili za kubaki usizitumie kulala.

Jitambulishe kabla hujahitaji barua

Watu wengi huijua ofisi ya serikali ya mtaa siku wanapotakiwa barua ya utambulisho: ya NIDA, ya benki, ya kumdhamini ndugu polisi. Wanaingia kwa haraka, mwenyekiti anawatazama juu hadi chini, hawajui, na anayo haki ya kusita. Wewe nenda wiki ya kwanza, bila shida yoyote mkononi. Beba kitambulisho na mkataba wa pango. Mazungumzo yenyewe hayachukui robo saa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

"Ahsante. Nimehamia hapa kwa Mama Rehema, kile chumba cha uani. Nimeona nije nijitambulishe."

"Aa, ndiye wewe. Tulisikia kuna mgeni. Umetokea wapi?"

"Tulisikia kuna mgeni" ni kauli utakayoizoea. Walishakuona siku ya kushusha godoro. Ukiisha kuandikwa kwenye daftari la wakazi, uliza mambo mawili: mkutano wa mtaa hutangazwaje, na hapa mnazikana kwa utaratibu gani. Swali la pili litamfanya mwenyekiti aweke kalamu chini akuangalie vizuri. Mpangaji anayeuliza hivyo hajaja kupita.

Usichanganye mwenyekiti wa mtaa na balozi wa nyumba kumi. Balozi ni wa chama, japo mitaa mingi bado inamtumia kama mtu wa kwanza kuitwa panapozuka ugomvi usiku. Mtaa ni wa kila mkazi, na mkutano wake ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, awe mwenye nyumba au mpangaji wa chumba kimoja. Nenda mkutanoni. Utachoka kusikia habari za taka na za mbuzi wanaozurura, lakini utatoka unajua nani hulalamika, nani hutekeleza, na nani huongea tu.

Halafu kuna majirani wa ukuta kwa ukuta. Kwenye nyumba ya wapangaji wengi, mambo matatu hujenga au hubomoa: LUKU ya kuchangia, zamu ya kufagia uwanja, na maji. Lipa mchango wako wa LUKU kabla hujadaiwa, hata kama una hakika kabisa kwamba wa chumba cha tatu anatumia jiko la umeme kwa siri. Maji ndiyo yenye siri ya mji huu. Dodoma ni nchi kavu, mvua zake ni za msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na mji umetegemea sana visima vya Mzakwe tangu ulipokuwa mdogo. Ndiyo maana mgao wa DUWASA, mamlaka ya maji, ni sehemu ya maisha, na maji huweza kutoka saa tisa usiku. Usiku huo jirani akikugongea dirisha akisema, "Wewe, amka, maji yametoka!", ujue umehesabiwa. Siku ukiwahi wewe, nawe gonga madirisha ya wenzako.

Wenye viwanja vipya wana mtihani mwingine. Kule Nala, Iyumbu na Mtumba utaona ukuta wa futi nane umekamilika ilhali nyumba bado iko kwenye msingi. Sikatazi ukuta, wezi wapo. Ila kabla hujafunga geti, shiriki kamati ya barabara, ya nguzo za umeme au ya kuvuta bomba. Mitaa hiyo haina uzee wala ukoo, na urafiki wake mwingi umeanzia kwenye kuchangia lori la kifusi.

Msiba

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mgeni hupokelewa au hupotea.

Habari itakuja kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, au utaona turubai limefungwa asubuhi na viti vya plastiki vinashushwa. Huenda humjui marehemu. Nenda. Mwanamke avae kanga au kitenge; mwanamume avae nguo ya heshima, isiyo na maneno kifuani. Wasalimie wafiwa kwa pole fupi, usiulize aliugua nini. Kwenye kimeza pembeni kuna mtu mwenye daftari la rambirambi. Toa ulichonacho, na andikisha jina kwa namna ambayo watu watakutambua: jina, chumba, na nyumba ya nani. Jina tupu la kwenye kitambulisho halimwambii mtu kitu.

Baada ya hapo wageni wengi hukosea: wanakaa kwenye kiti, wanatoa simu, wanasubiri muda wa kutosha upite, wanaaga. Msiba hauhitaji watazamaji. Nyuma ya nyumba kuna sufuria kubwa juu ya mafiga, kuni mbichi zinatoa moshi, na akina mama wanane wanamenya vitunguu kwa visu vitatu. Njoo na kisu chako. Upande wa wanaume kuna viti vya kupanga, maji ya kuchota, kaburi la kuchimbwa, gari la kutafutwa. Hiyo ya gari ni kubwa, kwa sababu wakazi wengi wa mji huu huzikwa kwao, na usiku uleule kamati lazima ijue jeneza, mafuta na dereva wa kwenda Bukoba au Songea vitapatikana wapi. Kama una gari, au unamjua mwenye gari, sema. Kama huna, omba kumsaidia mtu wa daftari kuhesabu. Asiyejulikana na ukoo wowote huaminika haraka kwa kazi hiyo, kwa sababu hana upande. Lala msibani usiku mmoja. Na siku ya kuanua matanga rudi mkunje turubai, kwa kuwa siku hiyo wengi hawaonekani, na wachache wanaobaki ndio watakaokukumbuka.

Vikundi vya kuzikana vina kumbukumbu kali. Asiyefika kwa wenzake hupigwa faini, na akiendelea, siku yake huja watu wachache. Ni ukali wa haki. Akiwa mbali na kwao, mtu anahitaji kujua nani atambeba.

Mji huu unajua kuzika wasio wake. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilipata ajali Igandu, mkoani Dodoma, watu 281 wakafa. Waliokosa kutambuliwa na ndugu walizikwa hapa, makaburi ya Maili Mbili.

Fedha na ibada

VICOBA na vikundi vya hisa vimejaa kila kata, na ni njia ya haraka ya kujuana na watu ishirini kwa mkupuo, maana mnakutana kila wiki. Kila mtu ananunua hisa, anachangia mfuko wa jamii wa misiba na ugonjwa, na sanduku lina makufuli matatu yenye funguo kwa watu watatu tofauti. Mwisho wa mzunguko mnagawana. Lakini fungua macho. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka vikundi hivi visajiliwe, na usajili hufanyika kupitia halmashauri. Omba kuona cheti na katiba kabla hujatoa hata shilingi. Angalia pia kama wanatoza faini ya kuchelewa na kama wanaitoza kweli. Kikundi kinachosamehe kila mtu hakitadumu hadi kugawana. Na yeyote anayekuahidi kwamba fedha itazaa mara mbili ndani ya miezi mitatu, mwambie umesahau jiko linawaka nyumbani. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, huenda kwa vikundi vilivyosajiliwa. Usijiunge kwa ajili hiyo peke yake. Utawaudhi waliokuja kujenga.

Michango ya harusi nayo itakufuata, na kadi zake. Weka kiwango chako cha mwaka, ukifika kikomo sema wazi. Anayeahidi laki moja asilete kitu huharibu jina kuliko aliyetoa elfu kumi siku ya kwanza.

Kwa waumini, Dodoma ina utajiri. Waanglikana wana mizizi mirefu hapa, Dayosisi ya Central Tanganyika ni ya 1927; Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste wamejaa; Waislamu wana Msikiti wa Gaddafi, miongoni mwa misikiti mikubwa nchini. Kosa la mgeni ni kushikamana na jengo kubwa peke yake. Ibada ya watu elfu moja utaitoka ulivyoingia. Tafuta jumuiya ndogondogo ya mtaani kwako, ile inayosali sebuleni kwa mtu, watu kumi na tano, mtoto mmoja akilia. Jumuiya ndiyo itakayokuandikia barua parokiani siku ya ubatizo, ndoa au maziko, na ndiyo itakayouliza kwa nini hukuonekana. Muislamu vilevile: Ijumaa nenda kwenye msikiti mkubwa ukipenda, ila alfajiri sali kwenye ule wa mtaani, na Ramadhani peleka sahani ya futari badala ya kwenda na mikono mitupu. Kama unaweza kuimba, hata vibaya kidogo, jiunge na kwaya. Mazoezi mara mbili kwa wiki humaliza upweke wa siku mbili.

Wenyeji wanakuona

Wahamiaji wana tabia ya kuzungumza habari za Dodoma kana kwamba ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Ni Ugogo, na kaskazini kuna Warangi wa Kondoa, magharibi Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida. Karne ya 19 misafara kati ya pwani na Tabora ilipita hapa, na watemi wa Kigogo waliitoza hongo kwa kupita na kunywa maji. Kwa hiyo habari ya mgeni kutoa kitu ndipo apite ina umri mkubwa kuliko jiji.

Jifunze salamu. "Mbukwa" kwa mmoja, "mbukwenyi" kwa wengi. Mzee wa Kigogo ukimsalimia hivyo atacheka, atakuuliza umefundishwa na nani, na hapo mazungumzo yameanza. Kula ugali wa uwele au mtama kwa mlenda bila kukunja uso. Kama wewe ni Mhehe, Mnyamwezi au Msukuma, una utani nao, na utani ni mlango uliokwisha funguliwa na babu zako: utatukanwa vizuri, utajibu vizuri, na kwenye msiba una kazi yako maalumu. Kama huna utani nao, acha mizaha ya kuwaita omba-omba uliyoizoea Dar. Haichekeshi kwa asiye mtani.

Jumamosi moja nenda mnada wa Msalato. Utakuta ng'ombe, nguo za mitumba zimetandazwa chini, na mabanda ya nyama ambako hukai peke yako hata ukitaka. Benchi ni moja, chumvi ni moja, pilipili ni moja. Kwa ngoma, fika Chamwino, kijiji kilicho mashariki ya mji, ambako Kituo cha Sanaa Chamwino huandaa tamasha la muziki wa Wagogo. Ukiwaona akina mama wakiipiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, utaacha kusema kwamba Dodoma hakuna cha kutazama. Ni hapahapa Ugogo alikotoka Hukwe Zawose, aliyelipeleka zeze na ilimba duniani.

Mpira na vijiwe sina haja ya kukufundisha. Banda la kuonyeshea mechi halimuulizi mtu kabila, na Dodoma Jiji, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020, ikicheza uwanja wa Jamhuri utapata wa kulaumu naye kipa. Kahawa jioni ni nzuri. Tahadhari moja tu: urafiki wa kijiweni ni mpana lakini mwepesi, na siri unayoisema kwenye bao saa kumi na moja utaikuta dukani saa moja.

Kwa mama aliyemfuata mume na hana kazi ya kutoka, hali ni ngumu zaidi kuliko ya wengine wote niliowataja, na waume hawalioni hilo. Usisubiri mumeo akutambulishe. Jina la "mke wa afisa" hukuletea heshima na kukukosesha shoga. Anza na majirani wawili na kikundi kimoja. Na wewe mume, wikendi ile unayobaki, shika watoto ili yeye aende kikaoni.

Yote haya yatakugharimu muda, fedha kidogo, na usiku kadhaa wa usingizi mbovu kwenye mkeka wa msibani. Sijaona njia ya mkato iliyofanya kazi. Ratiba ya mkutano ujao wa mtaa wako iko ofisi ya mtaa. Pita kesho.